Mpira Ambao Sikuuona

Nilikwenda Leicester kulea uzazi. Sikwenda kutazama mchezo. Binti yangu alijifungua mwishoni mwa Mei 2023, na kama ilivyo ada yetu, mama ndiye amkalishaye bintiye arobaini: amkande, ampikie uji wa pilipili manga, amzuie asiguse maji baridi, na ampokee mtoto usiku ili mzazi apate lepe la usingizi. Nilifunga sanduku langu Mombasa kwa hesabu hiyo. Ndani mlikuwa na uwatu, habasoda, mafuta ya uto, udi na leso sita mpya. Sikukisia kwamba nusu ya kiangazi hicho ningeimaliza juu ya kiti cha kukunja, pembezoni mwa uwanja wa kriketi, penseli mkononi.

Sababu ilikuwa mjukuu wangu wa kwanza, mvulana wa miaka kumi. Baba yake hufanya kazi ya zamu, na zamu zake nyingi huangukia Jumamosi na Jumapili. Mama yake yu ndani na kichanga. Basi ikawa ama mimi nimpeleke mtoto kwenye mechi zake, ama abaki nyumbani akizunguka sebuleni na kurusha soksi zilizofungwa donge. Nilikubali shingo upande. Nilikuwa nimesikia kwamba vilabu vingi vya kule vina baa ndani ya jumba lao, nami sikuona vipi mtoto wa Kiislamu apelekwe huko na bibi yake mwenyewe. Mkwe wangu alinituliza kwa upole: watoto hawaingii humo, chai huandaliwa nje, na nusu ya timu ni watoto wa Kiislamu. Mjukuu naye akaniletea simu kunionyesha Uingereza ilipotwaa Kombe la Dunia uwanjani Lord's mwezi wa Julai 2019, na jinsi Moeen Ali na Adil Rashid walivyojitoa upesi jukwaani shampeni ilipoanza kurushwa. Alisimamisha picha papo hapo, akanitazama kama wakili aliyemaliza kuleta hoja yake.

Lakini baina yangu na mtoto huyu palikuwa na jambo kubwa zaidi ya baa. Kiswahili alikisikia vizuri. Kilikuwa kimeingia masikioni kikakaa humo, kisitoke kinywani. Kwa miaka yote tuliyozungumza kwa simu, alikuwa na neno moja, "Shikamoo," kisha huja ule ukimya ambao bibi wengi wenye wajukuu ng'ambo wanaujua, mpaka mama yake amwambie nenda kacheze. Nikimsemesha, hunijibu kwa Kiingereza. Nilianza kuhofu kwamba huyu aliyezaliwa juzi naye atakuja kuwa hivyo hivyo, na kwamba mimi nitakuwa sura ya kwenye kioo cha simu, ya kuamkiwa na kuagwa.

Siku ya kwanza uwanjani sikuelewa chochote. Watoto walisimama mbalimbali kama watu waliogombana. Mmoja alirusha mpira, mwingine akaupiga, wengine wakapiga makofi, kisha wote wakabadilisha mahali bila ya sababu niliyoiona. Walipopumzika nilimwita. Alianza kunieleza kwa Kiingereza. Nikamwambia, "Mume wangu, Kiingereza changu kiliisha darasani. Nifahamishe kwa lugha ya mama yako." Haikuwa kweli, nakiri. Nimekuwa karani miaka mingi katika afisi ya kutoa mizigo bandarini, na barua zote tuliandika kwa Kiingereza. Lakini nilimuona anakunja uso, anatafuta, kisha akaelekeza kidole kwenye vijiti vitatu vilivyochomekwa ardhini.

"Hii nyumba," akasema. "Mtu anailinda nyumba yake."

Hapo ndipo mchezo ulipoanza kwangu. Anayerusha anataka kuibomoa nyumba. Anayelinda akiupiga mpira mbali, yeye na mwenzake hukimbia kubadilishana nyumba, na kila wakibadilishana ni mbio moja. Mipira sita ni ova. Mstari ulio mbele ya vijiti hakuwa na jina lake, nikamwambia sisi huita kizingiti, akalipenda neno hilo akawafundisha wenzake, hata nikawa nasikia watoto wa Kigujarati na wa Kisomali wakipiga kelele, "Kizingiti! Kizingiti!" Anayetolewa bila ya mbio hata moja, Waingereza husema amepata bata. Na ova isiyotolewa mbio yoyote huipa jina la msichana asiyeolewa. Aliniuliza tuiteje. Nikamwambia ova mwanamwali. Mzee mmoja wa Kihindi aliyekaa kiti cha pili akaangua kicheko. Kumbe alizaliwa Kisumu, na Kiswahili chake cha dukani alikuwa hajakisahau.

Timu ya mjukuu wangu ilikuwa ya walio chini ya miaka 11, wavulana na wasichana pamoja. Mrushaji wao hodari kuliko wote alikuwa msichana aliyefunga mtandio wake vizuri chini ya kofia. Mjukuu alirusha mipira ya kuzungusha, akimuiga Rehan Ahmed, kijana wa klabu ya mkoa wao wa Leicestershire, ambaye Desemba 2022 pale Karachi, akiwa na miaka 18, alikuwa mwanamume mdogo kabisa kuwahi kuichezea Uingereza mechi ya siku tano. Mipira ya mjukuu wangu ilizunguka pia, ingawa mara nyingi ilizunguka ikaenda ilikotaka yenyewe.

Juni ya mwaka ule ilikuwa ya joto kuliko Juni zote zilizopata kurekodiwa Uingereza. Jua lilizama saa tatu na nusu usiku, na mechi za jioni zilianza saa kumi na mbili watu wakiwa bado wamejikinga kwa kofia. Nilizoea. Nikawa napeleka mahamri, na kocha wao, ambaye hakujua kulitamka jina lake, akawa anauliza kwa ishara kama yapo.

Jumamosi mjukuu alitaka pia kuwatazama wakubwa wa klabu, kwani watoto huruhusiwa kubadilisha namba kwenye ubao wa matokeo. Siku moja ya namna hiyo, Alasiri ikaingia. Nilitafuta pa kusalia, nikaona upande wa mwisho wa uwanja kuna pazia kubwa jeupe la mbao lenye magurudumu, nikasema hapa ndipo pa faragha. Nilikuwa natandika mkeka wangu ubavuni mwake nilipohisi kimya kimeingia uwanjani. Nikainua macho. Mpigaji alikuwa ameinua mkono, mchezo umesimama, na watu wote ishirini na zaidi wananitazama. Mjukuu alikuja mbio, "Bibi, sogea! Anakuona!" Kumbe pazia lile huwekwa makusudi ili mpigaji auone mpira mwekundu ukija mbele ya weupe, na kitu chochote cheusi hakitakiwi kutikisika hapo. Nami nimevaa buibui langu. Nikajisetiri nyuma kabisa ya pazia nikasali, na walinisubiri mpaka nilipotoweka machoni. Tangu siku hiyo, kila Jumamosi ikifika wakati huo, mwamuzi mmoja hunitazama kwanza aone nimekwisha kuingia nyuma ya pazia.

Sitaki msomaji adhani kwamba kriketi ni kitu cha kigeni kwetu. Nimekulia Mombasa, na tangu utoto nimepita nje ya Mombasa Sports Club, nikawaona watu wa mavazi meupe. Marehemu mume wangu aliupenda mchezo huu mapenzi ya kweli. Machi 15, 2003, katika Kombe la Dunia pale Durban, mzaliwa wa Mombasa, Aasif Karim, aliyekuwa amekwisha kustaafu kisha akarejea timuni akiwa na miaka 39, aliwarushia Waaustralia waliokuwa mabingwa wa dunia ova nane na mipira miwili, akawapa mbio 7 tu na kuwatoa wachezaji 3. Kenya ilishindwa siku hiyo, lakini mchezaji bora alikuwa yeye. Mume wangu aliniita kutoka sebuleni, njoo uone, njoo uone mtu wetu. Nilimjibu kwamba chapati zitaungua. Tuliishi pamoja miaka mingi nami sikumuuliza hata mara moja anaona nini katika mchezo ule. Mjukuu wake aliitafuta mechi hiyo kwenye intaneti, tukakaa tukaitazama kwenye simu, miaka ishirini baadaye, akinifasiria kila mpira kwa Kiswahili chake kilichokuwa kikinyooka siku hadi siku. Huyu babu yake hakumuwahi.

Ikatokea kwamba mzazi aliyekuwa akiandika daftari la timu alihama. Kila timu huwa na mwandishi wake, na waandishi wawili hukaa meza moja. Mwamuzi akipunga mkono huku na huku ni mbio nne. Akiinua mikono miwili juu ni sita. Akinyoosha mikono yote kando mpira umekwenda upande. Nawe mwandishi sharti uinue mkono wako kumwonyesha kwamba umeona. Mpira usio na mbio huandikwa nukta. Mjukuu alinitaja bila ya kuniuliza. "Bibi alikuwa karani," aliwaambia. Nikakabidhiwa penseli, na nasema kweli, niliona fahari. Nilikuwa na hati nzuri tangu zamani.

Julai ikaja na mvua, mechi kadhaa zikaharibika, na ile ambayo nataka kuisimulia ilichezwa Jumapili moja asubuhi majani yakiwa bado yamelowa. Tulihitaji ushindi ili tuende siku ya fainali. Mwenzangu mezani, mwandishi wa timu ya pili, alikuwa bibi wa Kiingereza aliyenizidi umri, mwenye kalamu za rangi, kila mrushaji na rangi yake. Alikuwa na desturi ya kuutaja kila mpira kwa sauti kisha husubiri mwenzake aitikie. "Nukta," husema, nami naitikia, "Nukta." "Moja." "Moja." Ni kazi ya utulivu kama kuvuta uradi.

Watoto wa umri ule hucheza wawili wawili. Kila timu huanza na mbio 200. Kila jozi hupewa ova nne, na mtoto akitolewa haondoki bali timu hukatwa mbio 5. Wenzetu walimaliza na 271. Sisi tukaingia. Katika ova ya 11 mjukuu wangu alikuwa ndiye analinda nyumba. Simu yangu ikalia. Alikuwa dada yangu kutoka Mombasa, nami moyo ukanishtuka, maana mtu aliye mbali kila simu huidhania ni ya msiba. Nikainama kuipokea. Alikuwa anauliza ufunguo wa stoo nimeuweka wapi. Nilipoinua uso, nilimuona mjukuu wangu anakimbia kurudi, anavuka kizingiti chake, gongo limetangulia. Nikaandika mbili. Mwenzangu alikuwa amesema neno, sikulisikia wala sikuitikia.

Mechi ikaisha watoto wetu wakiruka kwa furaha, kwani daftari langu lilisema 272. La mwenzangu lilisema 270. Tukafuatana ova kwa ova, kidole changu na kidole chake, mpaka tukafika ya 11, mpira wa nne. Kwake ilikuwa nukta. Alisema anakumbuka mtoto aliondoka, akarudishwa na mwenzake kabla ya kufika, akarejea. Waamuzi, ambao ni makocha wa timu zote mbili, walitazamana. Mipira thelathini ilikuwa imepita tangu hapo na hakuna aliyekumbuka. Basi wakanigeukia mimi. Hawakuniuliza kwa ukali. Mmoja alisema tu, "Bibi, wewe uliona mbio mbili?"

Watoto walikuwa wametuzunguka. Mjukuu wangu alisimama mbele kabisa, helmeti kwapani, nywele zimemlowa jasho, ananitazama kwa utulivu wa mtu asiye na shaka. Ningeweza kusema ndiyo. Nilikuwa nimemuona akirudi, na anayerudi ametoka mahali. Lakini nilichokiona ni kurudi peke yake. Kule alikofika sikukuona. Nikasema, "Sikuona. Nilikuwa kwenye simu."

Tukashindwa kwa mbio moja.

Njia nzima ya kurudi hakusema. Tulipofika nyumbani, nikimvulia viatu kwani vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi, akaniambia kwa sauti ndogo, kwa Kiswahili, "Nilikimbia, Bibi. Nilifika ng'ambo."

Nikamwambia namwamini.

"Basi kwa nini hukusema?"

Nilimweleza kwamba kuamini si kuona, na aliyeulizwa aliona nini hana ruhusa ya kujibu anachoamini. Maneno yalikuwa sawa, lakini niliyasikia yakitoka kinywani mwa mtu ambaye, lau angekuwa ametazama kazi yake, yasingehitajika. Yeye alikuwa mkweli na mimi nilikuwa mkweli, na mbio zake mbili zimepotea baina yetu. Usiku ule nilifungua msahafu kwenye Suratul Baqara, nikaisoma aya ya deni, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inayomtaka mwandishi aandike kwa uadilifu, na inayotaja mashahidi wawili wanawake ili mmoja akipotea mwenzake amkumbushe. Nimeisoma mara nyingi maishani. Sikuwahi kujiona ndani yake kama usiku ule. Na sikuwa yule akumbushaye.

Siku tatu mtoto alinijibu kwa Kiingereza. Hakunikosea adabu, alinishika mkono kuvuka barabara, alinipelekea chai, lakini kila neno lilikuwa la Kiingereza, na kila neno lilinichoma. Binti yangu alitaka kumkemea, nikamkataza. Nilikuwa tayari kupoteza fainali zote za Uingereza. Lugha ile sikuwa tayari kuipoteza, na sikujua niiombe vipi.

Jumapili iliyofuata palikuwa na mechi ya kirafiki tu, ya kufungia msimu. Niliazimia kukaa kiti changu cha kukunja na kuwaachia wengine meza. Alikuja na daftari chini ya kwapa na penseli aliyokwisha kuichonga. Akaviweka mapajani mwangu. Kisha akanyoosha kiganja.

"Simu nipe mimi," akasema.

Nikampa. Akaitia ndani ya mfuko wake wa gongo, akavuta zipu, akaenda zake kuvaa pedi.

Niliondoka katikati ya Septemba. Jumamosi ya mwisho kabla ya safari, tarehe 16, tulikaa sote sebuleni, mtoto mchanga kifuani kwangu, tukafuatilia fainali ya kombe la ova 50 baina ya Leicestershire na Hampshire pale Trent Bridge. Leicestershire walitwaa kombe kwa tofauti ya mbio mbili. Mkwe wangu alipiga takbiri kwa furaha, kichanga kikaamka kikalia. Mjukuu wangu alinigeukia akainua vidole viwili, hakusema kitu.

Kiangazi kilichofuata nilikuwa Mombasa. Nilinunua daftari la shule la mistari, nikalipiga safu kwa rula. Jumapili jioni, baada ya Maghribi yetu, simu hulia, na baada ya shikamoo hakuji tena ule ukimya. "Bibi, uko tayari? Ova ya kwanza. Nukta. Nukta. Moja. Bata, Bibi, yule mrefu amepata bata!" Dada yangu hunishangaa, mtu mzima naandika nukta kama anayejifunza alifu. Mtoto huisimulia mechi nzima kwa kichwa, mpira baada ya mpira, nami naandika. Mara nyingine hufika kwenye mpira ambao hana hakika nao. Husita. Namsikia anavuta pumzi, anafikiri, kisha husema, "Huo sikuuona vizuri, Bibi," na mimi huacha nafasi yake wazi, tukaendelea na unaofuata.